Kokeini na Moyo wa Kijana

Kijana wa Busia au Mutukula aendapo kustarehe Bugolobi, jijini Kampala, huenda akaambiwa kuwa kokeini huchangamsha tu. Sivyo. Huuendesha moyo mbio hata uhitaji oksijeni zaidi, na papo hapo huibana mishipa inayoulisha damu, huku damu yenyewe ikielekea kuganda. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliona hatari ya mshtuko wa moyo ikipanda takriban mara 24 katika saa ya kwanza.

Akilalamikia kifua, wenzake pengine humlaza tu, kwa kutuogopa sisi polisi. Twawasihi: mfikisheni hospitalini upesi, mkamweleze daktari wazi alichotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za kawaida za moyo zaweza kuzidi kuibana mishipa hiyo.