Mlima wa Moto Uliozaliwa Chini ya Bahari

Mkazi wa Mountain View mjini Nairobi, siku isiyo na mawingu, akitazama upande wa kusini-magharibi huona vilima vya Ngong, wala pengine hafikiri kwamba vilima hivyo ni mabaki ya mlima mkubwa wa moto, ambao nusu yake ya magharibi ilididimia katika Bonde la Ufa hapo kale. Mlima mwingine wenye kimo kama kile ambacho Ngong huinuka juu ya mji umezaliwa karibuni katika Bahari ya Hindi, na hakuna mvuvi aliyeuona.

Mwezi wa Mei 2018, watu wa Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa katika visiwa vya Komoro, walianza kutikiswa na matetemeko ya nchi yasiyokoma. Wengi walilala nje kwa kuogopa kuangukiwa na nyumba. Tarehe 11 Novemba mwaka huo huo, mtikisiko wa ajabu, usiosikika kwa masikio, ulizunguka dunia nzima. Hata vyombo vya hapa Kenya viliuandika.

Jibu lilipatikana Mei 2019, meli ya Kifaransa Marion Dufresne ilipopima sakafu ya bahari kilometa 50 mashariki ya kisiwa. Mahali palipokuwa tambarare palikuwa pamesimama mlima wa mita 800 na zaidi, katika kina cha mita 3,500. Ukaitwa Fani Maoré.

Na kisiwa chenyewe? Kilishuka zaidi ya sentimita 10, kikasogea mashariki karibu sentimita 20. Sababu si ngumu kwa mkulima aliyewahi kuona gunia la mahindi likitoboka chini: mawe yaliyoyeyuka yalitoka vilindini, na ardhi ya juu ikafuata.

Kwa kweli visiwa vingi vya moto huzama polepole, kwa uzito wao na kwa kupoa kwa ganda la dunia. Ngazija ungali na mlima wake Karthala unaowaka. Mayotte, iliyo kongwe kuliko ndugu zake, imeshuka kwa muda mrefu, nayo matumbawe yakajijenga juu kuizunguka, yakawa boma la kuvunja mawimbi. Walakini matumbawe hupanda milimita chache tu kwa mwaka, hayawezi kushindana na ardhi inayoshuka kwa haraka namna ile. Mtiririko wa zaha ulikoma kuonekana mwaka 2021, lakini kisiwa hakikupanda tena. Na wakati wa bamvua, maji hufika kwenye njia na nyua za vijiji vya pwani ambako zamani hayakufika.