Kupunguza Teke la Bastola: Pesa Iende Kwenye Spea au Kwenye Risasi?

Kwa mwenye bastola ya 9mm nchini Marekani, dola 100 zinanunua mambo matatu tofauti kabisa: fimbo ya springi ya tungsteni, kompenseta ya bei ya chini ya kufungwa mdomoni mwa mtutu, au risasi za mazoezi zipatazo 350, iwapo moja inauzwa kwa senti 28 hivi. Wauza spea huahidi kwamba teke litapungua, na hawadanganyi. Ila hawasemi litapungua kwa kiasi gani, wala ni nini kingine kitakachobadilika ndani ya silaha ambayo pengine umeinunua ili ikulinde.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha spea na maneno ya dukani. Kichwa cha risasi ya 9mm cha greni 124 kina uzito wa gramu 8, na hutoka kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Kikienda mbele pamoja na gesi ya baruti, bastola nayo hurudi nyuma kwa msukumo ulio sawa. Bastola ya fremu ya plastiki yenye gramu 850 ikiwa imejaa risasi hurudi na nishati ya jouli 5.6 hivi. Iongezee gramu 50, nishati hiyo itashuka hadi jouli 5.3. Hilo ni punguzo la takriban asilimia 6, na ndilo unalolipia dola 60 hadi 100 unaponunua fimbo ya tungsteni, madini yaliyo mazito kuliko chuma kwa karibu mara mbili na nusu. Kwa kuwa uzito huo hukaa mbele, chini ya mtutu, mdomo wa bastola haupandi sana kama zamani. Mpigaji wa mashindano anayefyatua risasi mbili kwa sekunde ataihisi tofauti hiyo. Anayekwenda uwanjani mara moja kwa mwezi sidhani kama ataihisi, na kwake mimi nisingeshauri kuinunua.

Springi ni jambo jingine, na ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Springi haiondoi teke. Inabadilisha tu namna linavyogawanywa katika muda. Anayedaka embe lililorushwa huku akirudisha mikono nyuma haumii kiganja, lakini embe lenyewe ni lilelile. Springi nyepesi huiacha slaidi irudi kwa urahisi, kisha igonge fremu kwa nguvu mwisho wa safari yake. Springi nzito hulainisha mgongano huo, lakini huirudisha slaidi mbele kwa kishindo hadi mdomo wa bastola uiname, na risasi dhaifu zinaweza kushindwa kuirudisha slaidi nyuma vya kutosha, ganda likakwama. Springi ya kawaida hugharimu dola 10 hivi tu, na kwa sababu hiyo ndiyo spea ninayoweza kumruhusu mtu aijaribu, mradi ajaribu uwanjani, na bastola hiyo isiwe ile anayoitegemea usiku nyumbani. Mifumo yenye springi mbili au tatu ndani ya fimbo moja hupanda hadi karibu dola 90. Kabla ya kuinunua, angalia bastola yako: Glock nyingi za kizazi cha nne na cha tano huja na springi mbili kutoka kiwandani, kwa hiyo unaweza kulipia kitu ambacho tayari unacho.

Kinacholeta mabadiliko makubwa kweli ni kompenseta. Hutumia gesi inayotoka nyuma ya kichwa cha risasi, huielekeza juu, na gesi hiyo huukandamiza mdomo wa bastola chini. Nayo ndiyo yenye gharama nyingi zilizofichika. Bastola nyingi huhitaji kwanza mtutu mwingine wenye hesi, dola 150 hadi 250, kabla hujanunua kompenseta yenyewe. Mtutu ukiwa mzito, slaidi hupungukiwa nguvu, na risasi za bei nafuu zinaweza kuanza kukwama; hapo unarudi dukani kutafuta springi nyepesi au kununua risasi zenye nguvu zaidi, ambazo ni ghali. Kelele na mwako huongezeka. Anayefyatua bastola ikiwa karibu na kifua chake, jambo linalowezekana katika kujilinda, hupigwa na gesi ya moto usoni. Mkoba wa zamani wa bastola huenda usiipokee tena. Ukijumlisha yote, dola 100 zimekuwa 400.

Kuna pia sheria. Huko California, bastola inayojipakia yenyewe, yenye magazini ya kuchomoa, ikifungwa mtutu wenye hesi, huhesabiwa kuwa silaha ya mashambulizi, na kuimiliki kunaweza kukufikisha mahakamani kwa kosa la jinai. Spea inayouzwa hadharani Texas inaweza kukupeleka jela katika jimbo jingine. Katika mashindano ya kulenga shabaha ya IPSC, kompenseta hukupeleka moja kwa moja kwenye daraja la Open, ambako utashindana na watu wenye bastola za maelfu ya dola. Daraja la Production haliipokei.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani wanaoombwa na jamaa wa Nairobi watume spea kwa posta, nawasihi msifanye hivyo kabla ya kuuliza. Usafirishaji wa spea za bastola kutoka Marekani husimamiwa na Wizara ya Biashara, na nchini Kenya suala la silaha na sehemu zake liko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Kenya ina wapigaji wenye leseni wanaoshindana kwa kanuni za mchezo wa bastola za IDPA, wakiwemo wanaokutana katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Hao wana njia halali ya kuuliza. Kifurushi kidogo kilichoandikwa kuwa ni spea za gari kinaweza kumharibia mtu leseni na maisha.

Basi pesa iende wapi? Kama teke linakusumbua, tazama kwanza ukubwa wa bastola. Glock 43 ikiwa na magazini tupu ina takriban gramu 500, na Glock 17 ina gramu 700 hivi. Hakuna spea itakayoifanya ya kwanza iwe ya pili. Kuiuza na kununua kubwa ni nafuu kuliko kuivisha vifaa. Anayetaka ulaini wa kweli kwa ajili ya mchezo anunue chuma: CZ Shadow 2 ina zaidi ya kilo 1.3 bila risasi, na kwa risasi ileile teke lake ni kama jouli 3. Bei yake hupita dola 1,200, lakini haihitaji kuongezwa chochote.

Pili, tazama risasi. FBI, iliyokuwa ikitumia risasi kali zaidi za .40 S&W, ilirudi kwenye 9mm, na mwaka 2016 ikaipa Glock mkataba wa bastola hizo, baada ya kuona kwamba maafisa wengi hupiga kwa kasi na kwa usahihi zaidi wakiwa na 9mm. Hata ndani ya 9mm, wengi huona kichwa cha greni 147 kinasukuma polepole kuliko cha greni 115 kinachoruka kwa kasi.

Tatu, mikono. Utepe wenye mkwaruzo wa kubandika kwenye mpini hugharimu dola 15 hadi 20, na huzuia bastola isiteleze kati ya risasi moja na nyingine. Mkono unaofyatua ushike juu kabisa, chini ya slaidi. Mkono wa pili ujaze nafasi iliyobaki kwenye mpini. Saa moja na mwalimu mzuri itakupa zaidi ya kompenseta.

Na kama bastola yako ilikuwa laini zamani na sasa inapiga kwa ukali, usinunue kitu kabla ya kukagua springi iliyomo, kwa maana springi huchoka baada ya risasi elfu kadhaa. Kwa Glock, ondoa magazini, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, elekeza mdomo juu mahali salama, vuta kifyatulio na ukishikilie, rudisha slaidi nyuma, kisha iachie pole pole kwa mkono. Slaidi isipofunga kabisa yenyewe, springi imekwisha. Nunua nyingine ya kiwandani.