Kabureta ya Pwani Ikipanda Kibondo

Gari la kabureta lililorekebishwa Dar es Salaam likifika Kibondo huanza kula mafuta, plagi hushika masizi, na moshi mweusi hutoka likipanda mlima na mzigo. Mara nyingi halina ubovu wowote. Kibondo iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo lita moja ya hewa ina uzito pungufu kwa asilimia 14 hivi kuliko ile ya pwani. Petroli inayonyonywa hupungua pia, ila si kwa kadiri hiyo, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kuwa mzito kwa karibu asilimia 7. Injini ya sensa hujirekebisha yenyewe. Land Rover au Peugeot 504 ya zamani humsubiri fundi.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kutibu moshi wa mlimani kwa skrubu ya sailensi. Skrubu ile hutawala mchanganyiko injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukikanyaga, petroli nyingi hupita kwenye jeti kuu, na skrubu haina tena la kufanya. Hata ukiizungusha kutwa nzima, moshi utabaki.

Dawa ni jeti ndogo zaidi. Kwenye kabureta za Solex namba ya jeti ni kipenyo cha tundu: 130 ni milimita 1.30. Ukiweka 125, eneo la tundu hupungua kwa asilimia 7.5, karibu kabisa na kile kinachohitajika Kibondo. Kasulu iko chini kidogo, hivyo tofauti yake ni ndogo pia. Nguvu yote ya pwani hairudi, kwa sababu hewa yenyewe imepungua, lakini moshi na ulaji wa mafuta hupungua. Na tafadhali, jeti isizibuliwe kwa uzi wa waya wa breki! Waya hukwangua shaba na kupanua tundu, na namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo. Ipulize kwa upepo.

Kabla ya yote hayo fungua filta ya hewa. Vumbi jekundu la njia za Kumsenga likiijaza, hewa hubanwa na dalili zinakuwa zile zile za mchanganyiko mzito. Angalia pia tapeti, plagi, na kama choki inafunguka yote.

Sailensi hurekebishwa injini ikiwa imepata moto. Kabla ya kuwasha, ingiza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse mwisho, bila kukaza, maana ncha yake huharibika upesi. Kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Washa uiache ipate moto. Iingize kidogo kidogo mpaka injini ianze kukohoa, halafu itoe mpaka iungurume laini na kwa kasi kubwa kuliko zote. Kasi ikizidi, ipunguze kwa skrubu ya pili, ile inayozuia mkono wa mafuta, kisha urudie ya kwanza.

Wenye pikipiki wawe makini. Skrubu ikiwa upande wa injini, kuitoa huongeza petroli. Ikiwa upande wa filta, kuitoa huongeza hewa, yaani kazi inageuka. Anayezungusha bila kujua hili anabahatisha.

Baada ya safari yenye mlima, fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Weupe wa chokaa ni hatari: petroli ni kidogo mno na injini inaungua kwa joto.

Kwa sababu hiyo hiyo, jeti uliyoitoa usiitupe. Ifunge kwenye karatasi uiweke garini, na ukishuka kwenda pwani irudishe kabla ya safari ndefu, kwani mchanganyiko uliopunguzwa kwa ajili ya Kibondo huunguza vali ukifika Dar es Salaam.