Ukitaka kuhamia Rumonge, njoo ulione ziwa mwezi wa Mei

Familia nyingi zinazohamia Rumonge, nchini Burundi, huja kutafuta nyumba Septemba au Oktoba. Ufuko ni mpana, watoto wanacheza mpira mchangani, na nyumba iliyo karibu na maji ina upepo mzuri na kodi nafuu. Hakuna msimu unaodanganya zaidi kuliko huo kwa mtu anayechagua nyumba kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Mvua zikianza, ziwa hupanda taratibu hadi kufikia kilele karibu na Mei, kisha hushuka mpaka Oktoba au Novemba. Tofauti kati ya kimo cha juu na cha chini katika mwaka wa kawaida haifiki mita 1, lakini ufuko wa Rumonge ni tambarare: kimo hicho kidogo kinatosha kuyasogeza maji makumi ya mita kuelekea majumbani. Kwa hiyo nyumba uliyoiona Oktoba, irudie Mei kabla ya kutoa hata faranga moja.

Mzunguko huo wa mwaka umebebwa na mwingine mrefu zaidi. Maji mengi ya Tanganyika hupotea kwa kugeuka mvuke, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie nchini Kongo. Mvua kubwa zikifuatana miaka miwili mitatu, ziwa hukaa juu muda mrefu kwa sababu halina njia ya kujimwaga haraka. Baada ya mvua za 1961 na 1962, lilifika kilele mwaka 1964. Likapanda tena miaka hii ya karibuni, na mwaka 2024 maji yakaingia katika nyumba za mitaa ya chini ya Rumonge, kama yalivyoingia Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura. Huko nyuma liliwahi pia kukimbia nchi kavu: Lukuga ilipozibuka mwaka 1878, ziwa lilishuka sana, na mahali pale Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 sasa pako mbali na maji. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani usiojengwa. Nyumba zimo humo hata hivyo, na hizo ndizo utakazoonyeshwa kwanza kwa kuwa ndizo zilizo wazi.

Usimuulize mwenye nyumba peke yake. Waulize kina mama wanaoanika ndagala jirani: mwaka 2024 maji yalifika wapi? Watakuonyesha kwa kidole, pengine mlango wenyewe. Kisha inama uangalie ukuta. Tofali la udongo lisilochomwa, lile la rukarakara, hunyonya maji kutoka chini, likaacha mstari wa weupe kama chumvi juu ya pale maji yalipoishia. Ukiona chini ya ukuta pamekandikwa upya na juu ni pa zamani, uliza pamekandikwa kwa nini.

Halafu nenda chooni. Watu wengi huona aibu kufika huko. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe shimoni, usikilize kama litagonga maji. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi nayo hupanda, hata kwenye nyumba ambayo mawimbi hayajawahi kuigusa. Shimo lililojaa maji hutoa uchafu kuelekea visima na ziwani, na kipindupindu kimerudi Rumonge mara nyingi kwa njia hiyohiyo: mtu anakosa maji ya bomba, anachukua bidoni, anateka ziwani. Kwa mtazamo wangu, bomba linalotoa maji umbali wa kutembea kidogo lina thamani kubwa kuliko chumba cha ziada. Pima mwenyewe, asubuhi na jioni, kama linatoa. Nyumba ikikosa hilo, tenga fedha za mkaa wa kuchemshia au dawa ya kutibu maji tangu siku ya kwanza.

Wanaoshuka kutoka Bururi au Gitega wana jambo jingine. Kule juu kuna baridi na mbu ni wachache. Huku Imbo, nyanda za chini za ziwani, ni joto na malaria ya mwaka mzima. Mtoto aliyekulia mlimani hana kinga aliyonayo mwenzake wa Rumonge, kwa hiyo homa yake isisubiri kesho. Vyandarua viwe mzigo wa kwanza kushushwa kwenye lori, vitundikwe usiku uleule. Matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 hayalipiwi katika vituo vya umma tangu 2006; jua mapema kituo kilicho karibu.

Muda mzuri wa kuhama ni Julai na Agosti. Shule zimefungwa, mvua hakuna, na barabara ya taifa namba 3 kutoka Bujumbura inapitika bila hofu ya milima ya Muhuta, ambako maporomoko ya Machi 2015 yaliikata. Wanaotoka Kigoma wasidhani Kiswahili kitamaliza kila kitu. Mjini watasikika vizuri, maana Rumonge ni mji wa Waswahili tangu zamani, lakini darasani kuna Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili ni somo. Watoto wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliorudi kutoka Tanzania waliumia hapo. Tafuta mwalimu wa kuwasaidia likizo ingali inaendelea.

Kiwanja usinunue mwaka wa kwanza. Watu waliokimbia mwaka 1972 waliacha mashamba ya michikichi yaliyochukuliwa na wengine, na Rumonge na Nyanza-Lac zimekuwa na kesi nyingi za ardhi yenye wenyewe wawili. Panga nyumba kwanza, uwafahamu wazee wa mtaa. Ukifika tu, mpelekee nyumbakumi vitambulisho na daftari la kaya, na uandikishe kila atakayelala humo, pamoja na mpwa aliyekuja kusoma.