UFAFANUZI: ORODHA TUPU SI USHAHIDI WA KAZI ILIYOKAMILIKA

Watumishi wa Serikali wanaotunza daftari za kaya kwa kompyuta, pamoja na wananchi ambao majina yao yamo katika daftari hizo, wanafahamishwa juu ya kasoro moja isiyotoa onyo lolote. Kwa kasoro hiyo seva hutoa orodha tupu, na orodha hiyo hudhaniwa kuwa ni dalili ya kazi iliyokamilika.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika Bonde la Kilombero. Kuanzia mwaka 1996, kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara kiliandikisha wakazi wa vijiji 25 vya Wilaya za Kilombero na Ulanga. Waandikishaji walirudi katika kaya kila baada ya miezi minne kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba matumizi ya vyandarua vilivyotiwa dawa yalihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Hesabu kama hiyo haiwezi kusimama iwapo kaya zilizorukwa zitahesabiwa kuwa zimetembelewa, kwani kifo cha mtoto katika kaya hizo hakitaandikwa.

Katika kanzidata, mtazamo ni swali lililohifadhiwa kwa jina ili lisomwe kama jedwali. Aghalabu swali hilo hubeba swali jingine ndani yake. Tuchukue mfano wa kubuni: kijijini Sanje zipo kaya 400, na msimamizi anataka orodha ya kaya ambazo hazijatembelewa. Swali la ndani hukusanya namba za kaya zilizomo katika fomu za matembezi; swali la nje huchagua, kwa amri ya NOT IN, kaya ambazo namba zao hazimo humo. Fomu zilizopokelewa ni 370, kila moja ya kaya yake, lakini fomu moja haikujazwa namba ya kaya. Badala ya kupata kaya 31, msimamizi hapati hata moja.

Sababu yake ni kwamba lugha ya SQL ina majibu matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Seva inapoikagua kaya ya 27, huikuta ni tofauti na namba zote zilizoandikwa. Lakini ifikapo kwenye nafasi tupu haiwezi kusema kama namba iliyokosekana ni 27 au siyo. Jibu huwa haijulikani, na seva hutoa zile tu ambazo jibu lake ni kweli. Hali ni hiyo hiyo kwa kila kaya iliyosalia.

Kasoro hii isichanganywe na nyingine iliyokuwa ya seva yenyewe. MySQL ilipoanza kuwa na mitazamo katika toleo la 5.0 la mwaka 2005, ilikataa mtazamo wenye swali la ndani katika sehemu ya FROM, na kutoa kosa namba 1349. Dawa ilikuwa kuligawa swali: la ndani lifanywe mtazamo wake, kisha la nje liusome mtazamo huo. Katazo hilo liliondolewa katika toleo la 5.7 la mwaka 2015. Kosa la namna hiyo hujitangaza, na huisha kwa kubadilisha toleo. Kasoro ya nafasi tupu haiondoki kwa toleo jipya, kwa kuwa seva inafuata kanuni ya lugha.

Hatua zifaazo ni tatu:

(a) Swali liandikwe upya kwa amri ya NOT EXISTS, au swali la ndani liamriwe kuacha nafasi tupu. Katika mfano uliotolewa, zitaonekana kaya 31, ikiwemo ile ambayo fomu yake haina namba.

(b) Safu ya namba ya kaya ifungwe, ili fomu isiyo na namba isipokelewe.

(c) Kila mzunguko jumla zilinganishwe. Zilizotembelewa 369 na zisizotembelewa 31 hufanya 400. Kabla ya marekebisho jumla ilikuwa 369 na sifuri. Tofauti hiyo ingetosha kufichua kasoro.

Kaya 31 zikishapatikana, ni wajibu wa msimamizi kuzifuatilia nyumba kwa nyumba, kwani kompyuta haiwezi kutambua ni ipi kati yao ilikwisha kutembelewa. Kwa upande wake, ni vyema mwananchi ahakikishe kwamba namba ya kaya yake imeandikwa katika fomu kabla ya mwandikishaji kuondoka.