Kazi ya Likizo Kampala: Ulizeni Kabla ya Kupanda Basi



Kila mwisho wa mwaka, mitihani ya UNEB ya kidato cha nne na cha sita inapomalizika, mabasi yatokayo Busia, Mutukula, Mpondwe na Elegu hushusha mjini Kampala vijana wenye begi moja na namba ya simu ya jamaa. Baadhi yao hufikia Kisugu, katika Divisheni ya Makindye, kati ya kilima cha Muyenga na bonde la Namuwongo, kwa kuwa vyumba vya bondeni karibu na reli si ghali, na ndugu wa nyumbani wamekwisha kupanga huko. Wanatafuta mahali pa kujifunza kazi wakati wa likizo ndefu. Aliyemaliza kidato cha sita huweza kungoja miezi minane au zaidi kabla ya chuo kikuu kufunguliwa mwezi Agosti. Ni muda mrefu mno kuumaliza barazani, nasi hatuna neno na kijana anayetaka kuutumia vyema. Neno letu ni juu ya wanaomvizia njiani.

Tuchukue kisa cha binti mmoja wa mpakani, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alipokea ujumbe wa simu kwamba amepata nafasi ya mafunzo ya ukarani katika ofisi moja ya Kisugu, posho kila wiki na malazi bure. Alitakiwa kutuma shilingi 60,000 za usajili, kisha 45,000 za sare. Mama yake aliuza mahindi akatuma. Binti alipofika, ofisi hiyo ilikuwa nyumba ya mtu. Kitambulisho chake cha taifa kilichukuliwa, eti kiwekwe kwenye faili, na asubuhi yake akakabidhiwa ndoo, jiko na watoto watatu wa kulea. Siku ya tisa aliambiwa kuna nafasi bora zaidi ng'ambo, na safari iko karibu.

Msomaji ataona kwamba udanganyifu haukuanza Kisugu. Ulianza pale pesa zilipoombwa. Mwenye kazi anayemtaka mwanafunzi hamtozi. Akiwa hana uwezo wa kumlipa, atamwambia waziwazi kuwa hakuna mshahara, pengine nauli na chakula cha mchana tu. Nafasi nyingi za kweli ni za namna hiyo, na hilo si dharau. Wala mwajiri hana sababu ya kukaa na kitambulisho cha mtu. Nakala inatosha.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kupewa kazi ya hatari, na inakataza kumwajiri kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Kwa hiyo baa, nyumba ya kulala wageni au ulinzi wa usiku si mahali pa mwanafunzi, hata akiahidiwa kujifunza usimamizi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009 imeweka kifungo cha miaka 15 kwa kosa hilo, na adhabu huwa kali zaidi aliyesafirishwa akiwa mtoto. Wazazi walisikie hili vizuri: ridhaa ya mtoto, au ya mzazi wake, kwa unyonyaji huo haimwokoi mshitakiwa. Wapo wanaotuambia, "Lakini mama mtu alikubali." Hilo si jibu.

Sasa, nafasi ya kweli hupatikanaje? Hupatikana kwa miguu na barua, na mapema kuliko vijana wengi wanavyodhani. Anayengoja Desemba hukuta ofisi zinafungwa kwa sikukuu. Ni vyema barua ipelekwe kabla ya mitihani, ikiwa na barua ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa LC 1 wa kijiji, na iseme mwombaji anataka kujifunza nini, kwa majuma mangapi, na atalala kwa nani. Barua isemayo "kazi yoyote" ndiyo wanayoipenda matapeli. Jamaa aliyeko Kisugu aombwe kwenda kuiona ofisi kwa macho yake, aulize jina la atakayemsimamia mwanafunzi, kisha amuulize mwenyekiti wa mtaa kama anaifahamu. Kama ni kampuni, jina lake huweza kutafutwa katika Idara ya Usajili, URSB. Kwa mahali pa umma, kama kituo cha afya cha Kisugu kilicho chini ya mamlaka ya jiji, KCCA, ombi lielekezwe kwa mamlaka yenyewe. Hakuna mtu langoni mwenye nafasi ya kuuza. Na mwanafunzi asitarajie kumchoma mgonjwa sindano. Atapanga mafaili na foleni, na atajifunza mengi.

Hata hivyo, maoni yetu ni kwamba wengi wenu hamna haja ya safari hii. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na mpakani hapo pamejaa mawakala wa forodha, ofisi za malori, wabadilishaji wa fedha na maduka ya jumla. Kijana anayezungumza Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyumbani ana thamani hapo kuliko katika ofisi ya Kampala ambako atachemsha chai. Jioni atalala kwao.

Binti yetu aliokoka kwa kutumwa kiberiti. Alimweleza mwenye duka, mwenye duka akamwita mwenyekiti wa LC 1, na mwenyekiti akatupigia simu. Aliye katika hali kama yake apige 999 au 112, au namba ya watoto, 116, ambayo haitozi. Kila kituo kikubwa kina maafisa wa ulinzi wa mtoto na familia, na kuandikisha taarifa hakulipiwi. Ujumbe wa tapeli na risiti za pesa za simu visifutwe. Yeye alikuwa amevifuta kwa aibu, ndugu zake wasivione. Kitambulisho chake tulikipata. Zile shilingi 105,000 za mahindi ya mama yake hazijarudi mpaka leo.