Wagonjwa Wasiopewa Tarehe

Mwaka 2000 jarida la kitabibu la Thorax lilichapisha utafiti mdogo kutoka Uingereza. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa 50 wenye saratani ya mapafu isiyoweza tena kupasuliwa na wengine 50 ambao njia zao za hewa zilikuwa zimeziba kwa ugonjwa sugu usio saratani, nao wamefika hatua mbaya. Katika kundi la saratani, asilimia 30 walikuwa wakihudumiwa na wataalamu wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Katika kundi la pili hapakuwa na hata mmoja. Si kwamba hao walikuwa na nafuu: asilimia 90 walionyesha dalili za wasiwasi au sonona, dhidi ya 52 upande wa saratani, na shughuli za kila siku ziliwashinda zaidi kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, aliyepata saratani ndiye aliyebahatika.

Hakukuwa na ubaya wa mtu hapo. Tiba shufaa ya kisasa ililelewa na saratani. Cicely Saunders alipofungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alikuwa akiwatazama hasa watu ambao ugonjwa wao, ukishazishinda dawa, huenda kwa mwendo unaokadirika. Mapafu hayana adabu hiyo. Mgonjwa wake huteremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani: nimonia moja inamshusha vidato viwili, anajivuta kurudi kimoja, anatulia hapo mwaka mzima, kisha anateleza tena. Kila akilazwa ndugu wanaitwa kutoka mikoani wakidhani ndiyo mwisho. Wiki mbili baadaye yuko barazani anauliza nani kahamisha kiti chake. Daktari anayesubiri awe na hakika kwamba imebaki miezi sita ndipo aandike rufaa ya tiba shufaa anaweza kuikamilisha siku ya matanga.

Afrika Mashariki nayo iliingia kwa mlango huohuo wa saratani. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Dk. Anne Merriman, aliyefanya kazi huko, alivuka kwenda Kampala na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, iliyojulikana kwa morfini ya maji, rahisi kutengeneza na isiyofilisi mtu. Saratani na UKIMWI ndiyo magonjwa yaliyoijenga huduma hii. Tanzania, ukiuliza tiba shufaa ni wapi, utaelekezwa kwanza Ocean Road, na Ocean Road ni taasisi ya saratani. Kazi iliyofanyika katika vituo hivi ni kubwa na sina neno la kuipunguza. Ila mwenye mapafu yaliyochakaa hana uvimbe wa kuonyesha, kwa hiyo hana wa kumwelekeza huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba, kati ya watu wazima wanaohitaji tiba shufaa, mmoja katika kila kumi hivi ana ugonjwa sugu wa kupumua. Wanaoipata, wa magonjwa yote kwa pamoja, ni asilimia 14 tu.

Na hawa wa mapafu ni akina nani? Vitabu vya nje vitakuonyesha mzee mvuta sigara. Kwetu yupo, lakini pembeni yake ameketi bibi ambaye hajawahi kugusa sigara, aliyeinamia mafiga kwa miaka 50. Akifika zahanati anaambiwa, "Bibi, punguza moshi," kana kwamba kuni zilikuwa anasa yake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri kwa wajukuu. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudishwi na mtungi wa gesi. Yupo pia mchimbaji aliyevuta vumbi la mwamba. Na yupo yule aliyemaliza dozi ya kifua kikuu, makohozi yakawa safi, rejesta ikaandikwa "amepona". Bakteria kweli wamekwisha. Makovu yamebaki, na makovu hayana safu kwenye rejesta. Anarudi kila masika akihema, anapewa antibayotiki, na jirani wanaanza kunong'ona kwamba kifua kimemrudia.

Kukosa pumzi si dalili ya kufanyia mzaha. Maumivu mtu anaweza kuyasimulia. Anayehema hana hata pumzi ya kusimulia. Hofu inakuja, hofu inaongeza kasi ya kuhema, kuhema kunaongeza hofu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tiba yake ni ya kufundisha: namna ya kuketi ukiinamia mbele na kuegemeza viwiko mezani, namna ya kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, namna ya kugawa kazi ili kuoga kusimalize nguvu za siku nzima. Mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa viungo huwasaidia wengi zaidi ya wanavyotarajia, maana mgonjwa anayeogopa kuhema huacha kutembea, na misuli isiyotembezwa hudai hewa nyingi zaidi.

Kisha kuna upepo. Feni ndogo ya mkono ikielekezwa usoni, karibu na pua na mdomo, hupunguza hisia ya kukosa pumzi. Majaribio ya kitabibu yamelithibitisha hilo. Bibi zetu wa pwani wenye vipepeo vya ukili hawakualikwa kwenye majaribio hayo.

Oksijeni ina habari ndefu zaidi. Tafiti mbili, ya Marekani mwaka 1980 na ya Uingereza mwaka 1981, zilionyesha kwamba mwenye upungufu mkubwa wa oksijeni katika damu huishi muda mrefu zaidi akiipata kwa saa 15 au zaidi kila siku. Lakini mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la wagonjwa 239 wanaohema ingawa oksijeni yao haikuwa chini kiasi hicho: waliopewa oksijeni na waliopewa hewa ya kawaida kupitia mirija ya puani walipata nafuu ileile. Kwa hiyo kabla familia haijauza ng'ombe kununua mashine, kipimo cha kidoleni kije kwanza. Mashine yenyewe hutaka umeme mchana na usiku, na LUKU haijui kutofautisha nyumba ya mgonjwa na baa.

Morfini nayo isemwe ukweli wake. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba dozi ndogo ya kila siku huwapunguzia hawa adha ya kuhema. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2022 halikuona faida hiyo kwa wagonjwa wa njia za hewa kuziba ambao bado wanatembea. Bado ina nafasi katika siku za mwisho, mgonjwa anapohema hata akiwa amelala, ikitolewa kwa dozi ndogo na chini ya uangalizi. Nafasi hiyo inataka mtu wa kuiandika. Uganda ililiona hilo mapema: tangu mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika, hivyo mgonjwa wa kijijini halazimiki kumsubiri daktari.

Wanaodhani tiba shufaa ni kukata tamaa wana jambo la kuwasumbua. Mwaka 2014 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya huduma iliyounganisha madaktari wa mapafu, watu wa tiba shufaa na wataalamu wa viungo, kwa wagonjwa 105 wanaosumbuliwa na kuhema. Walioipata waliumudu ugonjwa vizuri zaidi. Baada ya miezi sita asilimia 94 yao walikuwa hai, dhidi ya 75 ya walioisubiri, na tofauti hiyo ilionekana kwa wasio na saratani.

Linabaki jambo lisilohitaji mashine wala dawa, nalo ndilo linalotushinda zaidi. Mgonjwa haulizwi. Daktari anawaeleza watoto, watoto wanamficha mzazi, mzazi naye anajua lakini anawahurumia watoto. Siku anapozidiwa usiku, mtu anasaini fomu ya chumba cha wagonjwa mahututi akitetemeka, na mjadala wa nani auze kiwanja unafanyikia kwenye korido. Mzee mwenyewe huenda angetaka kubaki nyumbani na feni yake. Huenda angetaka mashine. Wakati wa kumuuliza ni siku anaporuhusiwa kutoka wodini, akiwa bado ana pumzi ya kubishana na jibu analolitarajia mwanawe mkubwa.